Gari Lililolazwa Kwenye Gia

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Valeli kule Milanzi. Mafundi wa mji tulibeba jeneza kwa zamu, na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu katika zamu hizo. Hakuna aliyeshangaa, ingawa zamani wangeshangaa. Nilipokwenda kunawa ili nile chakula cha msiba, mtu mrefu mwenye mvi za pembeni alinyanyua jagi akanimiminia maji. Niliinua macho nikamwona Mwalimu Shija. Tulikuwa hatujasemezana kwa zaidi ya miaka kumi, katika mji ambao huwezi kwenda kununua chumvi bila kukutana na mtu unayemfahamu. "Pole, Eme," alisema. Nikamwambia, "Pole na wewe, Mwalimu." Mikono yangu ilikuwa imeshatakata, lakini aliendelea kumimina mpaka jagi likaisha, akaliweka chini, akaenda kukaa na wanaume. Tangu siku hiyo nafungua injini za watu na kujikuta nimesimama tu, spana mkononi, sikumbuki nilikuwa nataka kufungua nini. Nakaribia arobaini, nina gereji yangu na wanafunzi wawili wananiita Mama Fundi. Lakini mwaka uliopo ndani yangu ni ule mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na mtu wa pekee aliyekuwa akiujua pamoja nami sasa yuko chini ya udongo. Ndiyo maana naandika.

Gereji ya Fundi Valeli ilikuwa Chanji, hapa Sumbawanga, banda la mabati lenye kuta tatu, na upande wa nne ulikuwa wazi kutazama barabara iliyoinuka kama mgongo wa ng'ombe. Nyuma ya meza ya ofisi kulikuwa na ubao mwembamba, na nyuma ya ubao jiko la mkewe, Mama Joze. Moshi, harufu ya maharage na maneno yote vilipita kwenye ubao ule bila kizuizi. Kila siku saa saba Mama Joze aligonga sufuria kwa mwiko, nasi tukanawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni ya unga, tukala ugali wa ulezi na kauzu, dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, mikono ikinuka petroli hata hivyo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha. Gereji tatu za mjini zilikuwa zimenirudisha, moja ikiniambia niende nikajifunze kushona. Fundi Valeli hakukitazama hata cheti. Alinipa injini ya pikipiki iliyokwama akasema, "Ikiwaka, kesho uje." Iliwaka. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukikosea alikuwa anakaa kimya mpaka ulione kosa mwenyewe, na kimya kile kilitisha kuliko matusi ya gereji nyingine.

Mwalimu Shija alikuja mara ya kwanza mwezi wa pili, mvua zikiwa zimechachamaa. Alikuwa akifundisha fizikia shule ya sekondari ya mjini. Watu wake ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao Milepa, kule bondeni, kabla yeye hajazaliwa. Alikuja na kigari cheupe kidogo, na karatasi nne alizozichapisha na kuziweka kwenye plastiki. Kwenye kiti cha mbele alikaa mkewe Perpetua, Mfipa wa hapahapa, aliyekuwa akishona sare za shule na kuimba sauti ya pili kanisani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Hiki kigari kina injini kweli, au kinasukumwa?"

"Usikidharau, Fundi. Ni cc elfu moja na mia mbili tu, lakini ina turbo. Silinda nne. Nguvu farasi mia na tano. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Inavuta kama cc elfu moja na mia nane, na inakula kama pikipiki." Alikuwa akisoma kwa sauti ya mtu anayesoma waraka kanisani. "Na cheni yake ya taimingi, wameandika hapa, inadumu maisha yote ya injini."

"Na hayo maisha ya injini ni miaka mingapi? Wameandika?"

Mwalimu aligeuza karatasi, akageuza tena. Perpetua alicheka ndani ya gari mpaka akashika mbavu. "Mwambie, Fundi," alisema. "Mimi nimemwambia karatasi haipandi mlima, hanisikii."

Fundi Valeli alinyanyua boneti akaitazama injini ile kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akatufundisha wote watatu. Turbo, alisema, ni kigurudumu kidogo kama kisahani cha kikombe. Moshi wa injini, badala ya kupotea bure kwenye bomba, unakizungusha, nacho kinasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli inazidi, na injini ndogo inapata kifua cha injini kubwa. Lakini kigurudumu hicho kinazunguka maelfu kwa maelfu kwa dakika, na hakina kinachokilinda ila utando wa oili. "Injini za zamani, Mwalimu, zilikuwa ng'ombe wa kienyeji. Unampa majani makavu na maji ya tope, anazaa. Huyu ni ng'ombe wa maziwa. Ni mzuri, atakupa kuliko wale. Ila ukimkosea siku moja, analala." Akatoa masharti matatu. Oili iwe ya daraja lake hasa, na ibadilishwe nusu ya kilomita zilizoandikwa. Ukitoka mlimani usiizime papo hapo, iache ingurume dakika mbili ipoe. Na usililaze kwenye gia penye mteremko. Weka hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, gia iwe huru. Kwa sababu gari likirudi nyuma hata shubiri moja likiwa kwenye gia, injini inazunguka kinyumenyume, na cheni ambayo haina presha ya oili inaweza kuruka jino. Ikiruka, valvu zinakutana na pistoni. "Hapo," alisema, "utaniletea chuma chakavu." Alitugeukia mmoja mmoja. Aliponifikia mimi niliitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa.

Mwezi wa tatu Perpetua aligundulika ana saratani ya titi. Tulijua kwa sababu Mama Joze alikuwa kwaya moja naye. Kila baada ya wiki tatu ilibidi afike Mbeya kuwekewa dawa ya dripu, na daktari alikuwa amewaonya: dawa ile inashusha kinga, asikae kwenye msongamano, mafua ya mtu mwingine yanaweza kuwa kifo chake. Kwa hiyo basi halikufaa. Kigari kile cheupe, ambacho Mwalimu alikinunua kwa kupenda namba zake, sasa ndicho kilichokuwa kikimpeleka mkewe Laela, Tunduma, Mbeya, na kumrudisha akiwa amelala kiti cha nyuma na ndoo miguuni. Kabla ya kila safari walikileta kwetu, na Fundi alinikabidhi mimi. "Hili ni lako," alisema. Nililijua kuliko nilivyomjua mtu yeyote mwaka ule. Wakati mwingine Perpetua, siku zake za nguvu, alikuja mwenyewe akiendesha, kilemba kichwani, akaniambia nipande tulijaribu. Aliendesha vizuri kuliko mumewe. Turbo ilipoanza kuvuta, ule mluzi mwembamba ukisikika, alitabasamu. "Sikia," alisema. "Kadogo hivi, lakini hakaombi ruhusa." Maneno hayo hunirudia kila ninapofungua injini ya aina ile, na siku hizi mji umejaa injini hizo.

Mlio ulianza mwezi wa tano. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ukiwasha tu: mkwaruzo wa sekunde mbili kama maharage makavu yanayotikiswa kwenye debe, kisha kimya, kama hakuna kilichotokea. Nilimwambia Fundi. Alikuja asubuhi iliyofuata akasikiliza, akasema, "Cheni imerefuka, na kikaza-cheni kinachoka." Mwezi wa sita sekunde mbili zikawa tano. Cheni mpya haikupatikana Sumbawanga wala Mbeya. Iliagizwa Dar es Salaam, ikaletwa isiyo yenyewe, ikarudishwa, ikaagizwa tena. Wakati huo Perpetua alikuwa amebakiza dripu mbili. Daktari alikuwa amesema uvimbe unanywea. Mwalimu aliyarudia maneno hayo kwa kila mtu, hata kwa wateja asiowajua: uvimbe unanywea, zimebaki mbili.

Safari ya mwezi wa saba ilikuwa Jumanne, dripu iwe Jumatano. Cheni, tuliambiwa, itafika na basi la Alhamisi. Jumatatu Mwalimu alikuja akasimama katikati ya banda, mikono imelegea.

"Fundi, gari litafika Mbeya?"

"Sijui, Mwalimu. Nikikuambia najua, nakudanganya."

"Nimetafuta gari mji mzima. Moja limekwenda Mpanda, jingine bovu. Daktari amesema tusiruke. Akiruka, uvimbe unaota upya. Niambie kama fundi, ungekuwa wewe?"

Fundi Valeli alivua kofia, akaivaa. Nilijua angesema hapana. Akasema, "Ningekwenda. Polepole, bila kuisukuma. Ila iache hapa leo. Eme abadilishe oili, aijaribu, kisha ilale hapahapa, kesho saa kumi na mbili niiwashe mwenyewe ikiwa baridi, niisikie. Nikiona haifai nitakwambia usoni."

Nilibadilisha oili ile kwa uangalifu wa mtu anayemwosha mtoto mchanga. Nililipeleka gari mpaka njia ya kutokea mji na kurudi, lilikuwa zima. Niliporudi banda lilikuwa limejaa, lori la mahindi lilikuwa limeingizwa nafasi yangu, hivyo nikaliacha nje, kwenye mwinuko, pua ikitazama juu. Mama Joze alikuwa akigonga sufuria. Niliikawiza injini dakika zake mbili, nikaizima, nikavuta hendibreki. Na mkono wangu, mkono huu ninaoandikia, ukasukuma gia kwenye namba moja. Chuoni tulifundishwa hivyo kwa malori: penye mwinuko, weka gia. Mkono ulitenda, mimi nilikuwa nawaza kauzu. Sikuweka jiwe. Nilipokuwa nafunga mlango nilihisi gari limetikisika kidogo, likarudi nyuma kiasi cha kiganja, likatulia. Nilihisi. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia hata Fundi. Nilihisi, na nikaenda kula.

Asubuhi baridi ilikuwa ile ya mwezi wa saba inayofanya mabati yalie. Mwalimu na Perpetua walikuwa wameshafika na begi na chupa ya uji. Perpetua amejifunga blanketi, amekaa juu ya tairi, anapulizia vidole. Fundi alifungua mlango wa gari ili aingie. Nikamwona amesimama. Alikuwa anaitazama gia. Kisha aliinua uso akanitazama mimi, na nikakumbuka yote kwa mara moja. Mwalimu alikuwa nyuma ya gari anapakia begi. Fundi aliinama, akashika kile kirungu cha gia kwa mkono wake mwenyewe na kukirudisha katikati, taratibu, bila sauti. Ningeweza kusema. Angeweza kuacha kuwasha, akafungua na kukagua. Lakini kukagua cheni ile ni kazi ya kutwa nzima, na Mbeya ilikuwa kesho. Alikaa, akafumba macho kidogo, akazungusha ufunguo.

Sikuwahi kusikia mlio ule kabla, na nimeusikia mara mbili tu tangu hapo. Si mlipuko. Ni kugongana kwa haraka, chuma kwa chuma, mara nne au tano, kisha stata inazunguka bure, nyepesi, kama haina mzigo. Hakujaribu mara ya pili. Alishuka akamfuata Mwalimu.

"Cheni imeruka. Gari haliendi popote. Kosa ni langu, Mwalimu. Mimi ndiye niliyesema litavumilia."

Mwalimu Shija, mtu mpole yule, alimshika Fundi ukosi wa koti. Alimwita mwongo, akamwita muuaji, barabarani, mbele ya watu waliokuwa wakienda kazini. Fundi aliiacha mikono yake ining'inie. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Aliyeamua ni Perpetua. Alinyanyuka kwenye tairi, akachukua chupa ya uji, akasema, "Shija, mwache mtu wa watu. Nitapanda basi. Twende kabla halijajaa." Wakateremka kuelekea stendi, yeye mbele na blanketi lake, mumewe nyuma na begi, wala hakuna aliyegeuka.

Lilikuwa limeshajaa. Alikaa amebanwa dirishani, watu wamesimama njia nzima, wakikohoa, ni majira ya mafua. Jumatano alifika hospitali na homa. Walimpima damu wakakataa kumwekea dripu. Arudi baada ya wiki mbili kinga ikipanda. Haikupanda. Ilikuwa kichomi, akalazwa Mbeya karibu mwezi, na walipomrudisha hapa alikuwa amebaki macho na mifupa. Cheni ilikuwa imefika ile Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye boksi safi. Ijumaa tulifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Valvu nane zilikuwa zimepinda. Fundi alizipanga mezani juu ya gazeti na kuniita. "Zitazame vizuri," alisema. "Zitazame leo, ziishe." Hakuongeza neno, siku hiyo wala nyingine yoyote. Mimi nilikuwa narudisha sahani yangu jikoni ikiwa bado imejaa. Kupitia ubao ule nilimsikia Mama Joze akimwambia mumewe kwa Kifipa kwamba binti wa watu atakufia, mwambie umemsamehe. Na yeye akajibu, polepole, "Nikimwambia nimemsamehe, nitakuwa nimemwambia ameua. Sijui kama ameua. Cheni ile ingeweza kukatikia Laela. Wewe unajua? Mungu tu." Nilikaa na maneno hayo juu ya ndoo iliyogeuzwa, siwezi kuyapokea, siwezi kuyakataa. Mpaka leo niko hapo. Labda ingefika Mbeya na kurudi. Labda ingekatikia porini na wangekaa barabarani kutwa. Mara ngapi nimeiendesha safari ile kichwani, kilomita kwa kilomita, na kila mara inafika.

Mwezi wa kumi Perpetua alituma niitwe. Walikuwa wakikaa Milanzi, nyumba ya vyumba viwili. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka, na sare za wanafunzi zilizokatwa lakini hazijashonwa zimekunjwa juu yake. Alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, dada yake anamnywesha uji wa ulezi kwa kijiko. Alimwomba dada atoke. Alitaka kujua gari limetengemaa vipi. Nikamwambia ni zima sasa, linasubiri Mwalimu aje alichukue, ila haji. Kisha nikapiga magoti kwenye sakafu nikamwambia yote. Gia. Jiwe. Kiganja kimoja cha kurudi nyuma. Nilimwambia kwamba mikono yangu haitagusa tena injini ya mtu, nitaondoka Chanji.

"Umemwambia Shija?" aliuliza.

"Bado, dada. Nitamwambia leo."

"Usimwambie. Sikia. Akipata mtu wa kumlaumu, atakutazama wewe. Mimi nina siku chache, nataka anitazame mimi." Alipumzika, akavuta pumzi. "Na kuhusu kuacha kazi, acha ujinga. Nani ataendesha hizo injini za karatasi za Shija bila fundi anayeogopa? Wasioogopa ndio wabaya." Akaniambia nimalizie uji wake, kwa sababu umemshinda na dada yake atagomba. Niliumaliza, machozi yakiingia humo humo. Alifariki mvua za kwanza zilipoanza, mchana, mumewe ameshika mkono wake.

Niliandika kurasa hizi kwa wiki tatu. Nikaona si haki azisome mtu mwingine kabla ya Mwalimu Shija, basi nikampelekea ujumbe, naye akaja gereji kwangu Jumamosi mchana. Nilimpa kiti na kurasa hizi, nikawatuma wanafunzi wangu wakanunue vifaa nisivyovihitaji. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha mtihani. Mimi nilikuwa nafuta spana ambazo zilikuwa safi. Alipomaliza alizipanga karatasi sawasawa, akaziweka magotini.

"Perpetua aliniambia," alisema.

Nilidhani sikusikia.

"Aliniambia siku ileile ulipotoka. Akanikataza nisikuguse wala nisikwambie kwamba najua. Alisema, yule binti ataacha ufundi, na mji huu una wajinga wa kutosha chini ya boneti. Nikaapa. Nimekaa na kiapo chake." Alivua miwani. "Lakini nilikuchukia, Eme. Sikudanganyi. Miaka. Nikifika Chanji nilikuwa nageuza njia. Magari yangu yote nimepeleka kwa mafundi wabovu, najua ni wabovu, ili tu nisione uso wako. Fundi nilikwenda kumwomba radhi kwa yale matusi, mwaka wa pili. Akanijibu kosa lilikuwa lake. Nikamwambia, mzee, najua nani alilaza gari kwenye gia. Akasema, 'Mwanafunzi wangu, gereji yangu, kosa langu.' Hakubadilisha neno."

Nilikuwa nimeshakaa chini, mgongo kwenye tairi. Sikumwomba msamaha, nilikuwa nimeuandika wote kwenye karatasi zile na kwa mdomo haukutoka. Nilichoweza kuuliza ni kitu kimoja tu.

"Na sasa, Mwalimu?"

Alitazama barabara. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, na mtu alikuwa anapita anaswaga ng'ombe wanne kuelekea mnadani.

"Sasa sijui," alisema. "Ndiyo maana sijaondoka."